Njia ya Machimboni

Kung'atuka ni neno tamu mdomoni mwa anayemwambia mwenzake ang'atuke. Filimbi aliliona hilo siku kamati ya wazazi ilipomwita darasani, ikamkalisha kwenye dawati la mtoto mpaka magoti yakakaribia kidevu, ikamweleza kwa maneno ya asali kwamba kikosi cha skauti alichokilea tangu nywele zake ni nyeusi sasa kimpate kiongozi mwingine. Yeye atakuwa mlezi. Na mlezi ni nani? Mlezi ni mtu anayewekewa kiti cha mbele siku ya sherehe, na siku nyingine zote anaombwa atulie kwake. Hakuna aliyelisema hivyo, lakini Filimbi hakuwa mtoto wa jana.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji. Alikuwa na karakana yake barazani, mafriji mabovu yamepangwa ukutani milango wazi, na mke aliyezoea kupika huku nyundo zinalia. Jina la Filimbi alipewa na watoto, kwa sababu hakuwahi kuhitaji filimbi. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, na watoto wa mtaa wa pili wakasimama wima pasipo kujua kwa nini.

Kiongozi mpya alikuwa mpwa wake mwenyewe, binti wa marehemu dada yake. Watu walimwita Nesi kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alikaa dirisha la dawa katika zahanati ya mtaa. Filimbi ndiye aliyemfunga skafu ya kwanza wakati meno yake ya mbele yameng'oka, bado hayajaota tena, akamfundisha fundo la kwanza, na baada ya msiba akamlea.

"Mjomba, umefurahi lakini?" Nesi alimuuliza siku hiyo walipotoka darasani.

"Nisifurahi nina nini?" alijibu, akampa mkono wa kushoto kama ilivyo salamu ya maskauti.

Na alifurahi, msije mkamfanya mtu mbaya mapema hivi. Alifurahi kwa upande mmoja wa moyo. Ule upande wa pili ulikuwa umevimba, na yeye akaona ni uvimbe tu, utapoa wenyewe.

Haukupoa. Kila Jumamosi mlezi alikuwa "anapita tu". Anapita tu na kukuta watoto wanafunga kamba, anapiga goti na kuzifungua zote, zifungwe upya anavyotaka yeye. Anapita tu wakati wa gwaride na kuusogeza mstari. Nesi alimvumilia kama unavyomvumilia mkwe. Alikuwa na taratibu zake, yule binti: hakuna safari bila watu wazima wawili, hakuna safari bila kila mzazi kuambiwa, kila mtoto na chupa yake ya maji, na mkoba wa huduma ya kwanza kila mahali, hata wakivuka barabara tu. Filimbi alitazama mambo hayo akaguna. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba kikosi sasa kinalea mayai.

"Na wewe unakwenda kuyataga?" mkewe akamuuliza. "Si walikwambia upumzike?"

Halafu siku moja mtoto mgeni, kaptura bado mpya, alimkuta ameegemea ukuta wa shule akamwamkia kwa adabu zote. "Shikamoo babu. Unamsubiri mjukuu wako?" Filimbi akacheka. Kicheko kile kilimkaa kooni juma zima.

Basi ikafika Jumamosi ya mchezo wa kufuata njia. Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mmoja anatangulia asubuhi na mapema, anaweka alama chini kwa vijiti na mawe. Mshale maana yake pita hapa. Vijiti viwili vilivyopishana maana yake njia hii siyo. Kisha yeye aliyeweka alama anakwenda kungoja mwisho wa safari, haandamani na watoto, kwa sababu akiandamana nao wataisoma sura yake badala ya kuisoma ardhi. Kikosi kimegawanyika doria, na doria ni watoto sita saba wenye kiongozi wao, mtoto kama wao. Doria zinaondoka moja moja, na mtu mzima mmoja anafuata nyuma ya ile ya mwisho. Filimbi ndiye aliyeuleta mchezo huo mtaani, na Nesi aliujua tangu utotoni.

Asubuhi ile Nesi aliweka alama zake kutoka uwanja wa shule hadi juu kwenye tangi la maji, akabaki hukohuko akingoja. Mwalimu wa michezo alibaki na watoto uwanjani ili awaachie doria moja baada ya nyingine. Na Filimbi? Filimbi alikuwa anapita tu. Aliegesha pikipiki, akasema anakwenda kunyoosha miguu, akaingia njiani kabla doria yoyote haijaachiwa.

Alama zilikuwa nzuri. Hilo lilimuuma zaidi. Zilikuwa safi, zimewekwa pale mtoto anapopaona bila kupewa kila kitu mkononi. Alikwenda akizikagua mpaka alipofika njia panda, na hapo akasimama.

Kushoto njia ilizunguka kwenye miti ya kupandwa, tambarare, kivuli, unatembea kama unakwenda sokoni. Kulia ilipanda ikapita ukingoni mwa machimbo ya kokoto. Miaka yote ya Filimbi kikosi kilipita kulia. Pale juu mji wote ulionekana chini, mabati na barabara na moshi, na kila mtoto aliyefika hapo mara ya kwanza alipiga kelele. Nesi mwenyewe alipiga kelele hapo akiwa mdogo. Sasa kulia alikuwa ameweka vijiti vilivyopishana, na mshale ukaelekea kushoto.

"Mayai," Filimbi alijisemea. Akainama.

Kwa mikono yake mwenyewe akauhamisha mshale ukaelekea machimboni, akavihamisha vile vijiti kwenye njia ya miti. Haikuchukua muda wowote. Alinyoosha mgongo akiwa na raha ya mtu aliyemfanyia mwenzake masihara. Aliwaza jinsi watoto watakavyofika kwenye tangi wakihema, wakizungumza wote kwa pamoja juu ya mji waliouona, na Nesi atashangaa aulize imekuwaje, naye Filimbi atatokea akicheka, na watoto watasema kumbe Filimbi ndiye anayejua njia. Hilo tu ndilo alilotaka. Alitaka lisemwe, na Nesi alisikie.

Alichokuwa hakijui ni kwamba mvua za mwaka ule zilikuwa zimeula ukingo wa machimbo kwa chini, ukabaki udongo mtupu umening'inia kama ulimi. Nesi alijua. Alikuwa ameipita njia ile siku chache nyuma, peke yake, akaona nyufa, na ndiyo maana akaifunga. Angeulizwa angesema. Filimbi hakuuliza, kwa sababu mtu aliyefundisha hamuulizi mwanafunzi wake, au ndivyo alivyoona.

Doria ya kwanza iliongozwa na msichana waliyemwita Chiriku. Jina lilimfaa; alizungumza akitembea, akila, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini. Lakini alikuwa na macho. Hakuna alama iliyompita. Aliuona mshale, akaunyooshea kidole, akasema kulia, na wenzake wakamfuata mpaka ukingoni.

Udongo ulipoanza kwenda chini ya miguu yake aligeuka na kuwapigia kelele wenzake warudi nyuma. Wote waliokuwepo walisimulia hivyo baadaye. Hakujirusha kujiokoa kwanza. Aliwafukuza wenzake, ndipo akaenda na udongo.

Filimbi alikuwa amesharudi kwenye pikipiki yake aliposikia kelele. Alikimbia asivyokimbia tangu ujana. Wavunja kokoto walikuwa wanapanda kutoka chini, mwalimu wa michezo anapiga kelele, watoto wanalia, na kila mtu anakanyaga pale njia panda akipita, mpaka pakawa vumbi tupu, alama zote zimepotea. Chiriku alikuwa ameangukia bega la mwamba, hakufika chini kabisa, na mguu wake umelala vibaya. Filimbi ndiye aliyeshuka. Ndiye aliyeufunga mguu kwa vijiti na skafu, akamweka mgongoni, akapanda naye. Mtaa mzima ulimwona akitoka na mtoto. Mtaa mzima ukasema, bila Filimbi leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Hospitali, kwenye benchi la ukumbini, Nesi alikuja akakaa karibu naye. Magoti yake yalikuwa na udongo na alikuwa anazitazama kucha zake.

"Mjomba. Kulia niliweka vijiti. Njia ya machimboni niliifunga. Si niliifunga?"

Hapo ndipo mahali pake pa kusema. Kila mtu hupewa mahali pake, na pale palikuwa pa Filimbi, peupe, hapana mtu mwingine karibu. Akafungua mdomo.

"Pumzika kwanza," akasema.

Maneno mawili. Angetukana ingekuwa afadhali.

Mfupa wa Chiriku ulivunjika mahali pawili. Madaktari walisema utaunga, lakini taratibu, akafungwa plasta kuanzia paja hadi vidoleni na kurudishwa nyumbani kulala. Kikosi kikasimamishwa hadi kamati ikae. Mtaani maneno yakagawanyika. Wengine walisema Nesi alichanganya alama, akili ilikuwa zahanati. Wengine walisema hapana, ni mtoto, alikuwa anapiga domo lake kama kawaida hata akasoma kinyume. Nesi aliposikia hayo ya pili alikwenda nyumba kwa nyumba kuyakanusha. Mtoto asiguswe, alisema. Kama kuna aliyekosea ni aliyeweka alama, na aliyeweka ni mimi.

Alisema hivyo kila mlango, na kidogo kidogo akaanza kuliamini.

Filimbi aliliona siku alipokwenda zahanati kuchukua vidonge vyake vya presha. Nesi alihesabu vidonge kwenye kisahani, akavimwaga, akavihesabu tena. Akaisoma ile chupa. Akageuka akamwita mwenzake aje aisome naye. Foleni nyuma ya Filimbi ikaanza kunung'unika.

"Una nini, mwanangu?" Filimbi akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamchefua.

"Nimeomba wanihamishe, Mjomba. Nikapime watoto uzito, au nikafue bandeji, sijui." Alikuwa anazungumza chini chini asisikike na foleni. "Nilikuwa na hakika na vile vijiti. Hakika kabisa, kama ninavyokuona. Sasa kama nilikuwa na hakika vile na bado nikakosea, hakika yangu ina maana gani? Kesho si nitampa mtu dawa ya mwingine na hakika yangu mkononi?"

Filimbi aliushika ukingo wa dirisha. Neno lilikuwa limefika mdomoni, limekaa juu ya ulimi. Bibi mmoja nyuma yake akamgonga bega kwa bakora akamwambia kama amemaliza mapenzi na muuguzi awapishe wagonjwa. Watu wakacheka. Akapokea vidonge vyake akaondoka, na njiani akajiambia kwamba angesema, isipokuwa bibi yule. Mtu mwoga hakosi bibi wa kumsingizia.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, nao hudhani wanamzungumzia anayeliwa. Hakuna anayefikiria hali ya kile kinachokula. Filimbi hakulala, hakula. Alifungua friji moja akalifunga akalifungua tena mpaka mwenye friji akaja kulichukua likiwa bovu vilevile. Mkewe alimpelekea Chiriku matunda. Yeye hakuthubutu kwenda. Kila alikopita watu walimshika mkono na kumpongeza kwa kumbeba yule mtoto, na kila pongezi ilikuwa kama kulishwa mchanga.

"Kuna kitu unakitafuna," mkewe alimwambia. "Kiteme au kimeze, lakini usinitazame hivyo."

Alidhani pengine kitajimeza. Alijiambia kwamba mtoto atapona, Nesi ni kijana, vijana husahau. Kusema sasa kutasaidia nini, maji yakimwagika hayazoleki. Alijiambia mengi. Aibu ina ulimi mrefu kuliko wakili.

Ndipo mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu wa ile shule, akaja karakana na shati lake la mikono mirefu. Akafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa.

"Ndugu yangu, kamati inakutana Jumapili mchana. Mpwa wako anataka kujiuzulu, nasi hatutamzuia, maana wazazi wameingia hofu. Tumekubaliana jambo moja. Ama urudi wewe kushika kikosi, ama tukifunge. Watoto wanakuuliza wewe."

Lile alilolitamani likamjia mpaka mlangoni, limefuta kiti na kukaa, na lilikuwa limeoza. Filimbi alilitazama. Akajua kwamba akilipokea hatamtazama tena mtoto wa dada yake usoni maisha yake yote, na kwamba Nesi naye hatajitazama tena kwenye kioo bila kujiuliza amekosea wapi. Akasema atakuja Jumapili.

Darasa lilijaa. Wazazi walikaa wawili wawili kwenye madawati ya watoto wao, wengine wakasimama ukutani. Mama yake Chiriku hakuwepo. Alikuwa nyumbani na mgonjwa. Nesi alisimama mbele amevaa sare, imepigwa pasi, mistari ya mikono imesimama.

"Njia niliiweka mimi," alisema. "Alama nilizitia mimi, na mtoto ameumia. Kosa ni langu. Sitaki mtoto yeyote wa kikosi hiki aambiwe kwamba Chiriku alisoma vibaya. Ninachoomba ni hicho tu." Akaivua skafu, akaikunja, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti.

Filimbi alisimama kabla hajaalikwa. Goti lake liligonga dawati.

"Alama hazikuwa na kosa," alisema. "Nilizihamisha mimi."

Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani wakasukumana wasogee karibu.

"Njia panda ile. Nesi aliifunga njia ya machimboni. Mimi nikaja nyuma yake nikageuza. Kwa mikono hii. Mtoto aliufuata mshale wangu."

Mwenyekiti alivua miwani. Macho yake yalikuwa na maji. "Mnamwona?" akawaambia wazazi. "Mnamwona mtu? Damu ni nzito, jamani. Yuko tayari kujichafua uzeeni ili kumsitiri mtoto wa dada yake." Mzazi mmoja nyuma akapiga makofi. Wa pili akafuata. Kabla Filimbi hajapata pumzi, darasa zima lilikuwa linampigia makofi.

"Sikilizeni. Sisemi hivi kwa huruma. Ninaapa."

"Tunakujua, Filimbi," mzazi mmoja akamwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa. "Usiape. Tunakujua."

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumpenda. Aliwafundisha mwenyewe, wengi wao wakiwa watoto, katika darasa hilohilo, kwamba skauti ni mtu wa kuaminika. Sasa walimwamini mno hata ukweli ukakosa pa kuingilia. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, wakamrudishia kikosi. Yeye akiwa bado amesimama, kinywa wazi, akakabidhiwa kazi yake.

Nesi alikuwa ameshatoka. Filimbi alimkuta kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa, ananawa uso.

"Usinifanyie hivi tena, Mjomba." Hakuwa anapaza sauti, na ilikuwa vibaya zaidi. "Najua unanipenda. Lakini umesimama mbele ya wazazi ukasema uongo, tena uongo juu ya mtoto aliyevunjika mguu. Unadhani nitalala vizuri kwa sababu hiyo? Kosa langu niachie. Ni langu. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho."

"Si lako."

"Mjomba."

"Mshale uliukandamiza kwa mawe matatu," Filimbi akasema. Alikuwa anatazama maji yanayotiririka. "Madogo. Moja lilikuwa jeupe, la chokaa, uliliweka kwenye ncha. Vijiti vya kufunga njia hukuviweka katikati kama nilivyokufundisha. Uliviweka kwenye kisiki, juu, ili mtoto avione kabla ya kuvikanyaga. Nikasema moyoni, hapo kanizidi. Halafu nikavitoa."

Nesi alifunga bomba. Hakuna mtu aliyeziona alama zile baada ya wavunja kokoto kupita. Hakuna aliyeweza kumwambia Filimbi habari ya jiwe la chokaa, kwa sababu Nesi hakumwambia mtu. Alisimama pale, mikono inachuruzika, na Filimbi akaona jinsi ukweli unavyoingia kwa mtu, polepole, unatafuta pa kukaa.

"Kwa hiyo niliifunga," akasema.

"Uliifunga."

"Kulia."

"Kulia, mwanangu. Ulifanya kila kitu sawasawa."

Nesi alikaa kwenye ngazi ya darasa. Aliitazama mikono yake mbele na nyuma kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa na anakagua kama kimepata mikwaruzo. Kisha akainua uso.

"Siku ile hospitali nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nipumzike. Na siku ile ya vidonge. Ulisimama pale dirishani ukaniuliza nina nini."

Filimbi alitamani atukanwe. Nesi angemtukana, angempiga kwa kiatu, yeye angepata cha kushika.

"Ulitaka nini, Mjomba?"

"Nilitaka wakuambie kwamba mimi ndiye ninayejua njia."

"Ningesema mwenyewe," Nesi akasema. "Ungeniuliza siku yoyote ningesema. Kila kitu ninachojua nilikitoa kwako, nani hajui hilo?" Akainuka. "Usiniombe msamaha leo, sina wa kukupa. Mimi ni mtu mzima, nitajua la kufanya na wewe. Nenda kwa Chiriku. Nenda mwenyewe, na usiende kama mlezi."

Akaingia darasani kuchukua skafu yake mezani. Filimbi alisikia mwenyekiti akianza kumpa pole, na Nesi akamkatiza.

Hakupanda pikipiki. Alitembea. Nyumba ya kina Chiriku ilikuwa na pazia la kitambaa cha maua mlangoni na ndoo za maji zimepangwa chini ya dirisha. Mama, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa uani anaanika nguo, na alipomwona aliacha shuka ndooni akaja na mikono iliyolowa.

"Karibu, baba, karibu. Nimesema leo au kesho utakuja. Wewe uliyembeba hata mlango hupigi hodi, unaingia tu." Akamvutia kiti hadi pembeni ya godoro, akasema chini chini, "Mzungumzishe kidogo. Haongei. Huyu, hebu fikiria, haongei. Sare yake amesema nimpe binamu yake." Kisha akarudi kwenye nguo zake.

Chiriku alikuwa amelala karibu na dirisha, mguu mweupe umeinuliwa juu ya mto. Alimwamkia akatazama ukuta. Filimbi hakukikalia kiti. Alikaa sakafuni, ili macho yao yalingane, akasema yote kama alivyoyasema bombani, bila kulainisha. Njia panda. Mshale. Vijiti. Kwamba Nesi aliifunga, na yeye akaifungua. Kwamba aliufunga mguu wake na kumbeba huku anajua, na watu wakamsifu akanyamaza.

Alipomaliza alingoja kilio. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, na kwa kufukuzwa.

Chiriku alikuwa amegeuka na kumtazama, amekunja uso kama alivyoukunja kila alipoinama juu ya alama.

"Mshale ulielekea machimboni," akasema.

"Ndiyo."

"Haukuelekea kwenye miti."

"Hapana. Nilikuwa nimeugeuza."

"Watu walisema ulielekea kwenye miti, mimi ndiye nilikuwa napiga domo sikuangalia. Nikasema labda kweli." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawasawa. Hukukosea hata kidogo."

Uso wa mtoto ukafunguka wote. Alijiinua kwa viwiko, plasta ikagonga ukuta, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Mama! Mama njoo. Nilisoma sawa!"

Mama alikuja mbio, amekumbatia shuka bichi kifuani. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu siku ya machimbo, na alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajajua anachekea nini.

"Nani kasema?"

"Yeye," Chiriku akasema, akinyoosha kidole. "Alama alizihamisha yeye. Mimi nilisoma sawa."

Mama alikuwa bado anatabasamu alipomgeukia Filimbi.